Mkataba wa bodaboda nilioandika kwa AI sasa unanitafuna

Shikamoo Mama,

Nina steshenari hapa Morogoro, karibu na stendi ya daladala. Natoa kopi, napiga picha za paspoti, nawaombea watu TIN na ajira za mtandaoni, na kwa mwaka mmoja na nusu sasa naandika pia mikataba: ya kupanga chumba, ya kuuziana friji, na zaidi ya yote ya bodaboda. Mmoja ni elfu tano.

Nilipolichukua duka hili nilikuta kwenye kompyuta mkataba wa bodaboda wa mwenye duka wa kwanza. Ukurasa mmoja, Kiswahili cha kijiweni, makosa ya herufi kila mstari. Nikauweka kwenye programu ya AI nikaiambia, "Boresha mkataba huu uwe wa kitaalamu." Dakika haikuisha, zikatoka kurasa nne zenye ibara, tafsiri ya maneno, vifungu vya sheria, na chini kabisa nafasi ya "Umeandaliwa na". Pale nikaweka jina la duka na namba ya simu, nikaona ni tangazo la bure. Wateja waliupenda. Mmoja aliushika akasema, "Sasa hii ndiyo karatasi."

Mwezi wa tatu alikuja mzee mmoja mstaafu na kijana anayetaka kumkabidhi pikipiki. Mapatano yao niliyasikia kwa masikio yangu: hesabu, yaani pesa ya kumpelekea mwenye pikipiki, elfu kumi kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi, Jumapili ya dereva, miezi 14, baada ya hapo pikipiki ni ya kijana. Nikajaza majina, namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) na namba ya usajili, nikachapa nakala tatu. Wakasaini kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwezi wa saba pikipiki ikaibiwa. Kijana anasema aliiegesha nje ya kibanda cha chipsi saa tatu usiku, kugeuka haipo. RB, ile namba ya taarifa ya polisi, aliichukua kesho yake asubuhi. Mzee akamwambia utailipa. Kijana ana ndugu yake mwanachuo, huyo akausoma mkataba wote, nadhani ni mtu wa kwanza kuusoma wote, akakuta ibara ya 11: "Hakuna upande utakaowajibika kwa kushindwa kutekeleza wajibu wake kutokana na matukio yaliyo nje ya uwezo wake, ikiwemo majanga ya asili, vita, wizi na vurugu." Ule wa zamani haukuwa na maneno hayo kabisa.

Mzee alikuja dukani amefura. Anasema mwandishi ni mimi, jina langu liko pale chini, kwa hiyo ama nimlipe pikipiki, ama nimfanyie jambo "dogo": nichape upya ukurasa wa pili bila neno "wizi", nibadilishe kwenye nakala yake na ya mwenyekiti. Saini ziko ukurasa wa nne, anasema, nani atajua?

Usiku huo nikakaa na mkataba wa zamani mkono huu na mpya mkono huu. Nikakuta jingine. Wa zamani unasema "kila siku isipokuwa jumapili". Wangu unasema "kila siku bila kukosa, kwa muda wote wa mkataba". Jumapili haipo. Na mzee naye ameshaliona: sasa anadai kijana ana deni la Jumapili 17, yaani laki moja na elfu sabini.

Ibara ya 14 inasema mgogoro utatatuliwa kwa usuluhishi, na uamuzi wa msuluhishi utakuwa wa mwisho. Hapo nilipata nafuu kidogo, nikafikiri niwapeleke kwa wazee wa kijiwe wayamalize.

Mama, ukurasa wa pili nifanyeje? Pikipiki nani alipe? Na je, niache kabisa kuandika mikataba kwa AI? Kazi hii ndiyo inayonilipia kodi ya fremu.

Mwenye steshenari, Morogoro


Marahaba mwanangu.

Ukurasa wa pili usiuguse. Watu wameshasaini, ukitoa neno ili mmoja apate na mwenzake akose, ukaacha saini na tarehe za zamani zifunike kazi hiyo, kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, huko ni kughushi, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 7. Tena mzee amehesabu vibaya. Nakala ni tatu, ya tatu iko mkononi mwa yule mwanachuo, na sidhani kama bado hajaipiga picha. Kwa hiyo faili la mwezi wa tatu liache kwenye kompyuta lilivyo, la zamani liache, na mazungumzo yako na AI usiyafute hata kama yanakuaibisha. Siku ukiulizwa Jumapili ilikwenda wapi, hayo ndiyo yatakayoonyesha kwamba hukutumwa na mtu kuitoa.

Tuimalize hiyo Jumapili, maana hapo mzee hana hoja ya kunisimamisha. Kijana ameleta hesabu siku sita kwa wiki kwa miezi minne, mzee amepokea na kukaa kimya, na mapatano yenyewe wewe uliyasikia. Angalia lakini ukubwa wa kosa. Miezi 14 ni siku kama 426. Ukitoa Jumapili 61 zinabaki 365, yaani shilingi 3,650,000. Usipozitoa ni 4,260,000. Maneno mawili, "isipokuwa jumapili", yana thamani ya laki sita na elfu kumi kwa kijana anayeshinda juani. Mashine haikukutonya kwamba imeyaacha, kwa kuwa hukuiuliza. Uliitaka kitaalamu, na "bila kukosa" inasikika kitaalamu.

Waite wote wawili. Andika karatasi ya nyongeza, nusu ukurasa inatosha, yenye tarehe ya siku mtakayosaini, ikitaja mkataba wa mwezi wa tatu na kusema kwamba ibara ya hesabu isomeke Jumatatu hadi Jumamosi kama walivyopatana tangu mwanzo. Wasaini wao na mashahidi walewale. Hivyo ndivyo mkataba uliokwisha kusainiwa unavyorekebishwa: mbele ya macho ya wote. Mzee akikataa, basi wewe ni shahidi wa kijana, na ukiitwa uende.

Sasa pikipiki. Neno "wizi" limo na wameliwekea saini, kwa hiyo kijana anapo pa kushika. Lakini mwambie ndugu yake asome sentensi tangu mwanzo: tukio liwe "nje ya uwezo wake". Alifunga loki ya usukani? Ufunguo alikuwa nao mfukoni, au aliuacha unaning'inia kwa kuwa chipsi zilikuwa zinaepuliwa? Kwenye kibanda kile madereva wengine huegesha bila mlinzi? Na kwa nini polisi asubuhi, si usiku uleule? Hata ibara ya 11 isingekuwepo maswali yangekuwa hayohayo, kwa sababu Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwangalifu angeitunza ya kwake. Akifanya hivyo na ikapotea, hawajibiki, ila kama wamekubaliana vinginevyo. Ndiyo kusema ibara yako imemsaidia kijana kidogo kuliko mwanachuo anavyodhani, na imemuumiza mzee kidogo kuliko anavyolalamika dukani kwako. Kilichomuumiza mzee ni kwamba hakuna mahali alipoandikiwa "ikiibiwa dereva atalipa kiasi fulani", na hakuandikiwa kwa kuwa hakuna aliyemuuliza anataka nini ikiibiwa.

Muulize pia alikata bima gani. Kama ni bima ndogo, ile ya mtu wa tatu inayolazimishwa na sheria, pikipiki iliyoibiwa hailipwi. Kama ni bima kubwa, aache kugombana na wewe akimbie kwa bima na ile RB, maana bima nyingi zina muda wa kutoa taarifa.

Wakiniuliza mimi, ningewaambia wagawane hasara. Mzee amekwisha kupokea hesabu za miezi minne, zaidi ya milioni moja. Waseme imebaki kiasi gani, kijana achukue sehemu yake alipe kidogo kidogo, waandike. Lakini hayo ni ya kwao kuamua, usiyaamue kwa niaba yao kwenye kompyuta.

Kuhusu kijiwe, umenichekesha mwanangu, na huzuni ndani yake. Mtu wa kawaida akisoma "usuluhishi" anaona wazee wamekaa kwenye benchi, chai ya rangi, mambo yameisha. Ibara kama yako, yenye uamuzi wa mwisho, inamaanisha kitu kingine: kesi nje ya mahakama, mbele ya msuluhishi anayelipwa na pande zote, chini ya Sheria ya Usuluhishi, Sura ya 15, iliyotungwa 2020. Uamuzi wake unafunga. Kile cha wazee ni upatanishi, na hakimlazimishi mtu. Makampuni yanayogombania mabilioni yana sababu ya kuweka ibara kama hiyo. Watu wawili wenye pikipiki moja hawana. Deni lao linaingia Mahakama ya Mwanzo pale mtaani kwenu, lakini wa kwanza kwenda huko anaweza kukuta mwenzake ananyanyua ibara ya 14 na kuomba shauri lisimame mpaka waende kwa msuluhishi, ambaye ada yake huenda ikala pikipiki nusu. Kwenye ile karatasi ya nyongeza waifute ibara hiyo, waweke kwamba wataanza kwa mazungumzo mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na wasipoelewana mahakama. Wazee wa kijiwe wanaweza kukaa nao kama wapatanishi, kheri.

Unaona kinachotokea? Ibara ya 11 na ya 14 hazikutoka kwa mzee wala kwa kijana. Mashine imesoma mikataba ya watu wengi mno, ya nchi nyingi mno, na inapokuta pengo hujaza kwa kile ambacho watu wale huweka. Nimeshaletewa mkataba wa chumba cha kupanga Dar es Salaam uliotaja "sheria za Jimbo". Jimbo lipi, mwenye nyumba hakujua. Choo chenyewe ni cha kuchangia.

Kwa hiyo utumie AI? Tumia, ila kwa mpangilio uliogeuzwa. Sasa hivi inaandika kwanza, maswali yanakuja wakati wa ugomvi. Chukua daftari, wakalishe wote wawili kwenye ile benchi yako ya picha za paspoti, uwaulize kabla hujawasha chochote. Ikiibiwa? Ikikamatwa na trafiki, faini ya nani, na siku inazolala kituoni hesabu inakwenda au inasimama? Oili na tairi ni za nani? Dereva akilazwa siku tatu? Akichelewesha hesabu, bosi anaichukua pikipiki siku ya ngapi, na pesa alizokwisha kulipa zinakwenda wapi? Hili la mwisho waulize taratibu, maana ndilo linalowatoa watu ngumi. Bosi akifariki katikati, kijana atadai kwa nani? Siku ya mwisho ikifika, nani analipia kubadilisha umiliki wa kadi TRA? Utashangaa: nusu ya wanaosema "tumeshaelewana" wataanza kubishana hapohapo, na huo ubishi una faida zaidi ukitokea kabla ya saini.

Majibu yao ndiyo uyape mashine, na uiambie wazi: andika haya tu kwa Kiswahili chepesi, usiongeze jambo ambalo sijakuambia, pakiwa na pengo niulize. Wakati mwingine itaongeza tu, ni tabia yake. Kwa hiyo kila ikikurudishia, weka toleo la awali na jipya kwenye Word, nenda Review, bonyeza Compare, kila kilichobadilika kitajionyesha kwa rangi. Mwaka huu wote ungetumia kitufe hicho mara moja, Jumapili ingekuwa imebaki mahali pake. Tarakimu, tarehe na maneno kama "isipokuwa", "au", "na" yapitie kwa kidole. Halafu wasomee wote kwa sauti kabla ya kuchapa. Kurasa nne huwezi kuwasomea watu wamesimama, na hiyo ni sababu nzuri ya kuzifanya mbili.

Vifungu vya sheria vitoe, au kifungue kila kimoja ukione kwa macho. Sheria zetu ziko kwenye tovuti ya TanzLII bure. Mwaka 2023 mawakili huko New York, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, walipeleka mahakamani hukumu walizopewa na ChatGPT ambazo hazikuwahi kuwepo duniani. Jaji aliwatoza pamoja na ofisi yao faini ya dola 5,000. Hao wamesomea sheria. Mkataba wa bodaboda haupati nguvu kwa kutaja kifungu, wala kwa kuandikwa Kiingereza, kama kuna mteja anayekusumbua kwa hilo. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu.

Na zile namba za NIDA, majina na simu, uliziandika wapi? Kama uliziandika ndani ya mazungumzo na AI, acha leo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na imeweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Wateja wako hawakukutuma uzipeleke kwenye kompyuta za ng'ambo. Kwa mashine mzee ni "Mwenye pikipiki" na kijana ni "Dereva". Majina yajaze mwenyewe ukishatoa faili.

Nimeliacha mwisho lililo gumu kwako. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza asiye wakili kuandaa kwa malipo nyaraka za kisheria zinazohusu mali, au za kuanzisha kampuni na ubia. Ina misamaha yake, na kuna atakayekuambia karatasi ya kawaida ya makubaliano imo kwenye misamaha hiyo. Usiitegemeze kodi ya fremu kwenye msamaha. Sheria hiyohiyo inataka nyaraka za namna hiyo zibebe jina la aliyeziandaa, ndiyo maana mashine ilikuachia ile nafasi, ikijua desturi bila kukujua wewe. Wewe ukaifanya tangazo. Bei ya pikipiki mzee ataipata kwako kwa taabu, kwa kuwa itabidi aonyeshe kwamba bila neno lile kijana angelipa, na tumeona hata hilo halina uhakika. Lakini jina la duka lako pale chini limekugeuza mwandaaji, kwa maandishi yako mwenyewe.

Utasema natetea ugali wa mawakili. Natetea, ndiyo, lakini sikiliza hesabu yangu. Tafuta wakili mmoja hapo Morogoro, hakikisha leseni yake iko hai kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wa mtandaoni wa mawakili, mlipe mara moja akutengenezee mkataba mmoja wa bodaboda na mmoja wa chumba, wenye nafasi za kujaza na yale maswali yote ndani yake, na jina lake chini. Gharama hiyo utairudisha kwa wateja wa miezi michache. Wewe unalipwa kuchapa na kujaza, kazi yako halali. Mambo yakizidi hapo, kiwanja, nyumba, ubia wa biashara, mpeleke mteja kwake. Asiye na uwezo mwonyeshe msaidizi wa kisheria wa karibu. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Na usidanganyike na muhuri. Mwenyekiti wa mtaa akigonga ameona watu wakisaini. Hata wakili anayeshuhudia saini anashuhudia saini tu. Usipomlipa asome ibara ya 11, hataisoma.

Ukishakaa na mzee na kijana, nitumie ile karatasi ya nyongeza niipitie kabla hawajasaini. Ila namba za NIDA zifute kwanza.